Mama Chanjo Aliposema Ngojeni

Mtu aliyenichoma sindano ya kwanza ninayoikumbuka maishani ndiye huyohuyo aliyewaambia akina mama vijana wa kanisani kwetu wasubiri kuwachanja watoto wao. Hebu niambie, mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Ukimfokea, unamfokea mtu aliyekulea. Ukinyamaza, watoto wanabaki hivyohivyo bila kinga, na surua haina subira. Mimi nimefanya yote mawili kwa zamu, kunyamaza na kufoka, na hakuna lililonisaidia.

Tulimwita Mama Chanjo. Jina alilipata kambini, huko Kigoma, tulikokulia sisi watoto wa Burundi pamoja na watoto wa Kongo, na akavuka nalo bahari hadi Louisville, Marekani. Hata alipoanza kuzitilia chanjo mashaka hakuna aliyembadilishia jina. Watu waliketi mbele yake, wakamsikiliza akiwaonya kuhusu sindano, kisha wakaitikia "ndiyo, Mama Chanjo" bila kusikia wanachosema. Mimi nilisikia, na nilikuwa nikitoka nje kupunga upepo.

Sijui alizaliwa kijiji gani huko Fizi, Kongo, wala sikuwahi kumuuliza. Ninachojua ni kwamba kambini alikuwa mtu wa kuogopwa. Hakuwa na cheti cha unesi. Alifunzwa palepale, akaanza kwa kubeba boksi la baridi na kipaza sauti, mwisho akapewa na sindano. Sauti yake ilifika kabla yake, na mama aliyetaka kuficha mtoto alikuwa na muda wa kumsukumia chini ya kitanda. Haikusaidia. Mama Chanjo aligonga mara moja tu, kisha akaketi kizingitini na kuanza kumenya karanga. Alikula karanga zake taratibu mpaka mlango ufunguke. Ugonjwa haupigi hodi, alikuwa akisema, na yeye hatapiga hodi mara mbili.

Kuna baba mmoja alimzuia mlangoni kwa panga, akaapa kwamba atakayemgusa mwanawe ataondoka bila mkono. Sisi watoto tulikimbilia nyuma ya choo ili tuchungulie vizuri. Mama Chanjo akamtazama yule baba kuanzia chini mpaka juu, akamwambia kwamba kwa kuwa ana nguvu hivyo, basi amshikie boksi, maana limeanza kumuumiza bega. Sijui yule baba alipatwa na nini. Aliliweka panga chini, akalichukua boksi, akazunguka nalo mtaa wetu wote, na watoto wake ndio waliochomwa wa kwanza.

Ndiyo maana nikasema utamfanya nini.

Huku Louisville tulikaa jengo moja, upande wa Iroquois, yeye chini na mimi juu. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, akiwaogesha wazungu wakongwe na kuwalazimisha wanywe maji. Walimpenda sana, ingawa alikuwa akiwagombeza kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa kwenye ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege, na mara nyingi tulikutana ngazini, mmoja anatoka na mwingine anarudi, tukaulizana habari za miguu, maana miguu ndiyo iliyokuwa ikituuma sote.

Tabia yake iliyonichekesha zaidi ilikuwa ya friji. Hakuweza kuvumilia mlango wa friji ulioachwa wazi, hata nyumbani kwa watu. Mwenye nyumba anachagua soda, mgeni anapiga kelele sebuleni kwamba baridi inatoka. Miaka yote ile ya kulinda dawa zisipate joto ilikuwa imemwingia kwenye mifupa. Wanangu walikuwa wakiacha mlango wazi makusudi, wahesabu kichinichini, wacheke akija mbio na kuusukuma kwa nyonga. Alijua wanamchokoza, na bado alikuja mbio.

Tabia nyingine ndiyo iliyotuletea balaa. Jumapili baada ya ibada, kanisani kwetu kule Shively, alikuwa akisimama karibu na meza ya chakula na kumkamata kila mtoto anayepita. Anampandisha mkono wa shati, anatazama bega. Anatafuta kovu. Ninyi mliochanjwa kwetu mnalijua, lile kovu dogo la duara la chanjo ya kifua kikuu. Kambini lilikuwa kama muhuri. Mtoto mwenye kovu amechanjwa, asiye nalo arudishwe kwenye foleni. Na sisi tulikua tukiamini hivyo, kwamba kovu lile ndilo chanjo, zote kwa pamoja.

Sasa watoto waliozaliwa Marekani hawana kovu, kwa sababu ile ya kifua kikuu hapa hawaitoi kwa kila mtoto. Niliuliza kliniki, wakanieleza, nami nikamweleza. Zile nyingine zote haziachi alama, hata zile alizotuchoma yeye mwenyewe hazikuacha. Alinisikiliza kwa heshima, huku akipandisha shati la mtoto mwingine.

"Bon," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo chenye Kifaransa ndani, "kama haiachake alama, utajua namna gani kama iliingia?"

Nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akizitia, na alijua vizuri kuliko mimi. Akasema za kule alizijua, alizibeba begani, za hapa hajui zinatoka friji gani. Ubishi wa mtu asiyejua unaweza kuumaliza. Ubishi wa mtu anayejua nusu, tena nusu iliyo kubwa kuliko yako, unakuchosha mpaka utamani kwenda kulala.

Lakini nisimwonee. Kliniki nayo ilichangia. Mara ya kwanza alipompeleka mjukuu wake wa kiume, alimwambia nesi kupitia mkalimani wa simu kwamba na yeye alikuwa mchanjaji. Alitaka waongee, watu wa kazi moja wanavyoongea. Alitaka kuuliza sindano zinatunzwaje na kwa nini zinatolewa nyingi siku moja. Mkalimani alitafsiri, nesi akatabasamu, akasema vizuri sana, akampa mtoto picha ya kubandika, akamwonyesha bibi kiti. Basi. Mama Chanjo alirudi akaniambia kwamba kwa muda ule wote hakuna aliyemtazama usoni. Niliumia kwa ajili yake, na naumia mpaka leo, maana nadhani nesi angempa muda kidogo tu tungekuwa na mhubiri wa chanjo anayelipwa kwa chai.

Halafu yule mjukuu hakusema. Alifikisha mwaka, akafikisha miwili, hakuita mama wala baba wala bibi. Ukimwita hageuki. Daktari akawaeleza kwamba mtoto ana usonji, kwamba alizaliwa nao, kwamba si sindano. Hata binti yake Mama Chanjo, mama wa mtoto, alikuwa akisema kwamba tangu mchanga sana, kabla ya hizo sindano zinazolaumiwa, mtoto hakuwa akimtazama machoni akinyonya. Alilisema hilo wazi, mbele yetu. Mama Chanjo aliinuka akaenda kuosha vyombo.

Baada ya hapo ndipo akatuma ile sauti. Kwetu habari haziandikwi, zinatumwa kwa sauti kwenye simu. Mtu anapika, anaongea, anatuma, na kabla ugali haujaiva watu wetu wa miji ya mbali, Columbus na Buffalo, wameshasikia. Na sauti ile ya Mama Chanjo, iliyotutoa chini ya vitanda, ikaingia kwenye simu za akina mama wote waliokulia kambini. Hakuwakataza, ana akili sana kwa hilo. "Mama zangu, miye siwakatazi. Donc, ngojeni kwanza. Mtoto aseme mama, aseme baba, ndipo mumupeleke."

Ngojeni! Neno dogo, tamu, halina ubaya. Ukimwambia mzazi usichanje, atashtuka, atauliza wengine. Ukimwambia ngoja, anajiona mwenye busara. Kila mama aliyenijibu nilipombishia alinijibu kwamba yeye hajakataa, anangoja tu. Na yeye Mama Chanjo, msinisahaulishe, alikuwa akichomwa sindano ya mafua kila mwaka kazini kwake bila kulalamika. Nilipomuuliza, akasema yeye ni mzee, damu yake imekwisha kuzoea.

Miongoni mwa waliongoja alikuwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu, wanaokaa Reynoldsburg, pembeni ya Columbus. Ana binti mmoja, mtoto wao wa kwanza, aliyekuja baada ya mimba mbili kuharibika. Mtoto huyo wanamshika kama yai. Wifi alizaliwa kambini, na anasema kumbukumbu yake ya kwanza kabisa ni Mama Chanjo akimpa pipi baada ya sindano. Mimi nikimpigia, ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananiuliza kwa upole, "Wifi, wewe na Mama Chanjo, nani amewaona watoto wengi?" Nilimgeukia mdogo wangu. Akaniambia hayo ni mambo ya akina mama, yeye anatoka kazini amechoka. Nilimkatia simu. Mwanaume mzima, mwanao anaingojea surua, wewe umechoka.

Maana surua ilikuwa imefika. Ilionekana kwenye shule moja upande wao, kisha kwa watoto wa jengo la jirani. Wifi akamwachisha mtoto kwenda kule wanakomlea mchana, akaacha kazi ya asubuhi, akajifungia naye ndani. Hapo ningetegemea aende kliniki. Hapana. Alifunga madirisha. Mtoto alikuwa anakaribia miaka miwili, na maneno aliyosema yalikuwa machache, hayajamtosha mama yake. Bado anangoja.

Mama Chanjo wakati huo alikuwa ameshahamia Buffalo, kumsaidia binti yake, ambaye alikuwa amepata kazi ya kiwanda huko na kuongeza mtoto wa pili, wa kike. Majira ya joto kanisa letu likapanga mkutano wa akina mama Buffalo. Tukajaza gari, tukapita Columbus, tukalala kwa mdogo wangu. Nilimbeba yule binti jioni nzima. Ana mashavu, ana kicheko cha kukatikakatika, na kila alipokohoa kidogo, mama yake na mimi tuliacha kuongea. Nilimwambia wifi kwamba nikifika Buffalo nitaongea na Mama Chanjo mwenyewe. Akasema sawa. Akasema Mama Chanjo akisema mwenyewe, atampeleka mtoto kesho yake.

Basi nikajua dawa iko wapi. Njia nzima, kupita Cleveland na lile ziwa, wenzangu wanaimba, mimi napanga maneno.

Nilimkuta jikoni kwa binti yake. Amepungua, nywele zimekuwa nyeupe zote, lakini alinikumbatia kwa nguvu zilezile na kuniuliza habari za miguu. Yule mjukuu, sasa mvulana mrefu, alikuwa amesimama mbele ya friji iliyo wazi, ameegemeza sikio kwenye mlango, anasikiliza ule mngurumo. Nikasubiri Mama Chanjo apige kelele. Hakupiga. Akanivuta kiti tukaketi, na friji ikaendelea kuwa wazi, na yeye akanimiminia chai kana kwamba haoni. Hapo nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea, na yale maneno niliyopanga yakaanza kunipotea.

Kisha yule mdogo akaingia, binti wa mwaka na nusu hivi, mchangamfu, anayetaka mgeni amtazame. Akapandisha gauni mpaka kiunoni, akanionyesha paja. Palikuwa na plasta ndogo yenye picha za samaki.

Nikaitazama plasta, nikamtazama Mama Chanjo. Akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Nikamuuliza mtoto amechomwa lini. Akasema Alhamisi. Nikamuuliza na ya surua je. Akasema ile alishapata, alipofikisha mwaka, kabla ya Krismasi, na yeye mwenyewe ndiye aliyembeba, maana mama yake alikuwa kazini. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza bei ya nyanya. Sisi tulizoea kusikia kwamba mganga hajigangi. Huyu alikuwa amejiganga vizuri sana, akatuacha sisi wagonjwa wake barazani.

Sitawaficha, nilimpandishia sauti, na sijawahi kumpandishia mtu mzima wa rika lile. Nilimwambia wifi yangu yuko ndani amefunga madirisha kwa ajili ya neno lake. Nilimwambia nilimbeba yule mtoto jana. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia watu.

"Hakuna mutu aliniuliza juu ya huyu," akasema. "Wote wanaulizaka juu ya kaka yake."

Nikamwambia hilo si jibu. Akasema surua anaijua, mimi siijui. Ilipoingia kambini mimi nilikuwa mtoto, nilizuiwa nisitoke nje, lakini yeye ndiye aliyekuwa akiingia kwenye zile nyumba, na wadogo waliokufa aliwafunga yeye kitambaa. Asingeweza kumwacha wa pili hivihivi. Siku ile kliniki nusura arudi mlangoni, lakini alimpeleka.

"Na huyu mkubwa miye ndiye nilimushika miguu," akasema, akimtazama mvulana pale kwenye friji. "Alikuwa analia, miye nikamushika. Kama si sindano, niseme ni nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba si yeye, kwamba angezaliwa vilevile, kwamba hata binti yake anajua. Nilimwambia. Alitikisa kichwa kama ambavyo nimetikisa mimi nikisikia wahubiri wa redioni. Nikaacha. Nikatoa simu, nikampigia wifi, nikaiweka sauti kubwa, nikaisukuma mezani mbele yake. Nikamwambia aseme yeye.

Na alisema, nimpe haki yake. Alimsalimia, akauliza hali ya mtoto, kisha akamwambia ampeleke, asingoje aseme, surua ni mbaya. Wifi akauliza mbona leo amebadilika. Nilidhani atazunguka. Hakuzunguka. Akamwambia kwamba na yeye mjukuu wake wa kike amechanjwa, zote.

Nikasikia maji yakitiririka kule Columbus, kisha yakafungwa.

"Mama, Krismasi nilikupigia," wifi akasema. "Nikakuuliza. Huyo wako alikuwa ameshachomwa?"

"Ndiyo."

"Na mimi ukaniambia ningoje."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kila siku unasema watoto wetu wote ni wajukuu zako. Sasa huyo wako ni mjukuu. Wangu ni nani?"

Mama Chanjo alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye nitakayejibu. Wifi akakata simu, na yule binti mdogo akaichukua akaanza kuongea nayo.

Mdogo wangu ndiye aliyenieleza yaliyofuata. Asubuhi yake mkewe hakunywa chai, hakumuaga mtu. Alimvika mtoto, akampeleka kliniki, akawaambia wampe zote zinazomfaa siku hiyo, kisha akarudi na kufungua madirisha. Hakumpeleka kwa sababu Mama Chanjo alisema. Alimpeleka kwa hasira. Sisi tulibembeleza, tukaeleza, tukamwomba na Mungu, na hasira ya dakika chache ikafanya kazi iliyotushinda miezi yote ile. Nishukuru au nikasirike, hata sijui. Ninachojua ni kwamba wako wengine wengi bado wanangoja, na hao sina namba zao zote.

Siku mbili baadaye, nikiwa nimesharudi Louisville, Mama Chanjo alinipigia. Hakuniuliza habari za miguu. Alitaka kujua kama mtoto alipelekwa. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama alipata homa. Nikamwambia alipata joto kidogo, akalia usiku, asubuhi akala uji wote.

Nikamsikia akishusha pumzi.

"Ile ni kawaida," akasema. "Mwambie ni kawaida, asiogope. Amupe maji mengi. Mwambie ni miye nimesema."

Wifi alikuwa ameshaifuta namba yake, na amenikataza kulitaja jina lile nyumbani kwake. Nikamwambia ndiyo, Mama, nitamwambia.